Mali Bila Daftari: Kuagana na Mwajiri Baada ya Kupunguzwa Kazi



Wiki hii napenda tutafakari pamoja jambo ambalo halisemwi sana kanisani, ingawa limo katika nyumba nyingi za parokia zetu. Mtu anapopunguzwa kazi, sisi majirani na ndugu humwuliza maswali mawili: utakula nini sasa, na utapata wapi kazi nyingine? Ni maswali ya upendo, wala siyalaumu. Hata hivyo lipo swali la tatu ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni hili: kati yako na mwajiri wako kumebaki nini? Yeye anadaiwa nini na wewe, na wewe unadaiwa nini naye?

Kazi haimaliziki siku ile barua inapotolewa. Barua husimamisha kazi, lakini hesabu hubaki wazi. Hubaki siku za likizo zisizochukuliwa, mshahara wa nusu mwezi, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii ambayo haijulikani kama ilifika, cheti ambacho hakijaandikwa. Kwa upande wa pili hubaki sare za kazi zilizo kabatini nyumbani, simu ya ofisi, daftari la wateja, na mara nyingine funguo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata haki bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Nianze na kisa cha karibu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha safari za watalii duniani, hoteli nyingi za ufukweni katika pwani yetu zilibaki tupu. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zilizuiliwa kuingia nchini, na ingawa zuio hilo liliondolewa mwezi Mei, wageni hawakurudi mara moja. Mama mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake pasipo kumtaja yeye wala mwajiri wake, alikuwa mtunza stoo wa hoteli kwa miaka 9. Alipewa barua ya mistari minne: biashara imeanguka, huduma yako haihitajiki tena, asante kwa utumishi wako. Kiasi cha malipo hakikutajwa, wala tarehe ya kulipwa.

Alinijia siku ya 19 tangu apokee barua hiyo, akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Karibu, mama."

Alieleza yote, kisha akatoa mfukoni kitita cha funguo na kukiweka mezani. "Hizi ni za stoo, Padre. Hawazioni mpaka wanilipe."

"Mama, ndani ya stoo hiyo mna nini?"

"Mna kila kitu. Mashuka, taulo, mafuta ya kupikia, hata vinywaji."

"Na kesho kikipungua kitu, ataulizwa nani?"

Alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Ataulizwa mwenye funguo."

Ndugu msomaji, mawazo ya mama yule ni mawazo ya wengi wetu. Aliyeonewa huona kwamba kitu cha mwajiri kilichobaki mkononi mwake ndicho silaha yake pekee. La hasha! Kitu hicho ni kamba shingoni mwake. Anayezuia mali ya mwajiri ili ashinikize kulipwa hujikuta ameacha kuwa mdai na kuwa mshtakiwa. Anapokwenda kudai kiinua mgongo, huulizwa kwanza habari za mashuka.

Basi nilimkumbusha habari ambayo wenyeji wa Bagamoyo wameisikia tangu utotoni, lakini ambayo kwa kawaida husimuliwa kwa kumsifu aliyebebwa na si wale waliobeba. Daktari David Livingstone alifariki dunia tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu waliokuwa pamoja naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa wameajiriwa. Mwajiri akafa, nao wakabaki bara, miezi mingi ya mwendo kutoka pwani, pasipo wa kuwaamuru na pasipo wa kuwalipa. Wangeweza kugawana bidhaa zilizokuwamo katika masanduku na kila mmoja kushika njia yake. Nani angewauliza?

Jambo walilofanya linastahili kujulikana na kila mfanyakazi. Kabla ya safari walikusanyika wote, masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya macho ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaandika orodha ya vyote vilivyokuwamo. Wote walitakiwa kuwapo ili wote wawe mashahidi. Ndipo wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walikutana na Luteni Cameron wa Uingereza, ambaye aliwashauri wauzike mwili huko huko. Wakakataa. Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mwili ukalazwa katika kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mnara wake tunaupita hata leo, kisha ukapelekwa Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza iliyoitwa Vulture.

Tunapenda kusema kwamba jina la mji wetu latokana na kubwaga moyo, yaani hapa ndipo mpagazi alipotua mzigo na moyo ukapumzika. Wale watu walitua mzigo mzito kuliko yote. Lakini je, wao waliagwaje? Walilipwa ujira wao na afisa wa ubalozi wa Uingereza wa Unguja, wakaambiwa waende zao. Wainwright pekee ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza na kuhudhuria maziko tarehe 18 Aprili 1874 katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walipelekwa huko baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, maziko yakiwa yamekwisha. Shirika la Kijiografia la Kifalme la Uingereza lilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara ule; lakini zilipofika Unguja wengi wao walikwisha kutawanyika, na wapo ambao hawakuzipata kamwe.

Naona katika habari hii mambo mawili, na yote mawili yanahusu somo letu. La kwanza: mfanyakazi alifunga hesabu yake kwa ukamilifu. Alikabidhi kwa orodha, mbele ya mashahidi, hata mwajiri mwenyewe akiwa hayupo tena. La pili: upande wa mwajiri ulichelewa. Ujira ulilipwa, lakini heshima ilikuja baada ya watu kuondoka, na hakuna aliyekuwa ameandika ni nani amekwenda wapi. Uaminifu wa upande mmoja haukuuzuia uzembe wa upande mwingine. Lakini uliwapa wale watu kitu ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, nacho ni jina jema. Mwaka 1879 shirika lile lile lilipotuma msafara bara chini ya Keith Johnston, na baada ya kifo chake chini ya Joseph Thomson, kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma. Mwaka huo huo Susi aliajiriwa na Stanley kwa kazi ya Kongo. Makabidhiano yao ndiyo yaliyokuwa cheti chao.

Kwa hiyo yule mama alikubali kurudisha funguo, lakini si kwa kuzitupa mapokezini. Tuliketi, akaandika kwa mkono wake orodha ya vyote alivyokuwa navyo: funguo 7 na milango yake, sare mbili, kitambulisho, daftari la mapokezi ya bidhaa hadi ukurasa wa mwisho alioandika. Akaandika nakala mbili. Akaenda hotelini mchana, pamoja na mwenzake mmoja wa zamani, akaomba stoo ihesabiwe mbele yake. Meneja alisita kutia saini. Alisema hakuna haja ya mambo hayo baina ya watu wanaofahamiana. Mama akajibu kwa adabu kwamba kwa kuwa wanafahamiana, ni vyema wasije wakakosana. Meneja akatia saini. Majuma matatu baadaye, katoni za vinywaji zilipoonekana kupungua, karatasi ile ndiyo iliyomwokoa.

Sasa tugeukie upande wa pili wa daftari, yaani anachodaiwa mwajiri. Hapa napenda niseme waziwazi, kwa sababu wengi hudhani malipo ya kuachishwa kazi ni huruma ya tajiri. Si huruma, ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao juu ya njia za kuepusha au kupunguza maumivu hayo, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au hulipwa fedha badala yake. Hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi, na likizo aliyostahili ambayo hakuichukua. Na kama aliajiriwa mahali pengine akaletwa hapa, mwajiri humsafirisha yeye na mizigo yake mpaka alipoajiriwa, au humpa gharama hizo.

Kisha kuna kiinua mgongo. Aliyetumikia miezi 12 au zaidi mfululizo, akapunguzwa kazi, hustahili angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi kikomo cha miaka 10. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Mtu ana mshahara wa msingi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, naye hufanya kazi siku 6 kwa wiki, yaani takriban siku 26 kwa mwezi. Siku moja ni kama shilingi 11,538. Siku 7 ni kama shilingi 80,769. Kwa miaka 9 ni takriban shilingi 727,000. Fedha hizo hazijengi nyumba, lakini hulipa ada ya mtoto, hununua cherehani, huanzisha genge. Kuziacha kwa kuona aibu ya kuuliza ni kuwanyima watoto.

Nawaombeni mkumbuke siku. Anayeona kwamba ameachishwa isivyo halali hupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengineyo, kama malipo yaliyozuiliwa, hupelekwa ndani ya siku 60. Fomu hujazwa bila ada, na nakala yake hupelekwa kwa mwajiri. Kwanza pande mbili huketi na msuluhishi. Usuluhishi ukishindikana ndipo shauri huamuliwa. Ucheleweshaji huweza kusamehewa kwa sababu ya msingi, lakini ni nani apendaye kuanza kwa kuomba msamaha? Ndiyo maana nilishtuka niliposikia kwamba zimepita siku 19. Watu wengi hungoja kwa sababu wameambiwa, "Subiri mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukifika huambiwa tena hivyo hivyo, na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kuna karatasi moja nyingine ya kuangaliwa. Mara nyingi mfanyakazi huwekewa mbele yake hati yenye maneno kwamba amepokea stahili zake zote na hana madai yoyote tena. Asitie saini kabla hajapokea, wala asitie saini asichokisoma. Akipokea sehemu tu, aandike kwa mkono wake kwamba amepokea kiasi fulani kama sehemu ya malipo, na tarehe. Huo si ukorofi. Hata tunapotoa michango ya harusi tunaandika.

Habari za mfuko wa hifadhi ya jamii zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mwanachama wa NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi nusu ya hiyo. Hati ya mshahara inapoonyesha makato, haimaanishi kwamba fedha zimefika. Nenda ukaombe taarifa ya michango yako, uilinganishe mwezi kwa mwezi. Mama yule aligundua kwamba miezi 11 haikuonekana. Tena tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 lipo fao la kukosa ajira, kwa yule aliyeachishwa bila kujiuzulu mwenyewe na aliyetimiza masharti ya uchangiaji; hulipwa kwa muda usiozidi miezi 6. Lakini michango isipofika, masharti hayatimii. Makato yasiyopelekwa ni fedha ya mfanyakazi iliyokwisha kutoka mfukoni mwake, na kuizuia hakuna jina jingine zaidi ya dhuluma.

Je, ilikuwaje mwisho wake? Sitawapa hadithi tamu kupita ukweli. Alikwenda Kibaha, mkoani, mara tatu kwa nauli ya kuchangiwa na jumuiya yake ndogondogo. Katika usuluhishi mwajiri alikubali kulipa notisi, likizo na kiinua mgongo kwa awamu tatu. Awamu ya pili ilichelewa miezi miwili. Michango ilipatikana miezi 8, mitatu ilibaki kufuatiliwa. Alipokuja kunishukuru, nilimwona amechoka, lakini hakuwa na uchungu. Alisema, "Padre, nikikutana na meneja sokoni namsalimu. Sina kitu chake, naye anajua anachodaiwa." Nadhani sentensi hiyo inazidi mahubiri yangu.

Hesabu isiyofungwa haikai kimya. Hukua, na hurithiwa. Wazee wetu waliofanya kazi katika iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalijua jambo hili. Walikuwa watu wa reli, bandari, posta na simu, shirika la ndege. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mwajiri wao akatoweka katika ramani. Ilichukua hadi tarehe 14 Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, nchi tatu kutiliana saini mjini Arusha juu ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua wajibu wa pensheni za raia wake. Hata hivyo mwaka 2003 wazee wa Tanzania walikuwa bado wako Mahakama Kuu, na mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano yaliyowahusu wazee zaidi ya 30,000. Hata baada ya hapo wapo walioendelea kudai kwamba hawakulipwa sawasawa, na wengi walikufa wakidai. Fikiri: Jumuiya mpya ilikwisha kuzaliwa upya mwaka 2000, bendera zikapandishwa, na watumishi wa ile ya zamani bado wanahesabu siku.

Mimi mwenyewe nimeonja kidogo jambo hilo. Marehemu baba yangu alifanya kazi miaka 17 katika shamba la mkonge, ambalo sina sababu ya kulitaja. Shamba lilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wangeitwa. Kwa muda wa miaka miwili, kila mwisho wa mwezi, baba alivaa shati lake safi akaenda katika ile ofisi, mpaka siku alipokuta mlango umeng'olewa na ndani wamelala mbuzi. Fedha alikwisha kuzikatia tamaa mapema. Kilichomsumbua hadi uzeeni ni kwamba hakuwa na karatasi hata moja iliyosema kuwa aliifanya kazi ile. Alisema, "Kama ningekufa leo, nani atajua kwamba nilikuwa nyapara?" Ndipo nilipofahamu kwamba mtu hadai ujira pekee. Hudai pia ushuhuda kwamba miaka yake ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo usidharau cheti cha utumishi. Sheria ile ya 2004 humwamuru mwajiri amkabidhi mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Ni ukurasa mmoja tu, hugharimu wino kidogo, nacho hufungua mlango wa mwajiri ajaye. Mwajiri anayeshindwa kulipa leo kwa sababu hana fedha hawezi kushindwa kuandika ukurasa mmoja.

Sasa niseme na ninyi waajiri, maana mko wengi katika viti vya kanisa kuliko mnavyojidhania. Mwenye duka na kijana wa kuuza ni mwajiri. Mwenye bodaboda mbili ni mwajiri. Mama mwenye binti wa kazi nyumbani ni mwajiri, na binti huyo analindwa na sheria ile ile. Na parokia nayo ni mwajiri: yupo mlinzi wa usiku, yupo mpishi wa nyumba ya mapadre, yupo mhasibu wa ofisi. Torati ilimwamuru mwenye mali amlipe kibarua ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini ameutumainia. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele, nazo kelele hizo zimefika mbinguni. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliliweka jambo hili miongoni mwa wajibu mkubwa wa tajiri. Hata katika ule mfano wa shamba la mizabibu, ambao sisi hubishana juu ya nani alipata dinari ngapi, twasahau kitu kimoja kidogo: jioni ilipofika, msimamizi aliitwa na watu wote wakalipwa. Hakuna aliyeambiwa aje kesho.

Najua biashara huanguka kweli. Mwajiri naye huweza kukosa, na kukosa si dhambi. Lakini asiyekuwa na fedha bado ana kinywa na kalamu. Amwite mtu wake, amwambie ukweli, waandike pamoja kiasi anachodaiwa, wapange tarehe. Mtu huvumilia deni lililoandikwa. Kinachomtoa machozi ni simu isiyopokelewa na mlinzi aliyeagizwa kusema kwamba bosi hayupo.

Na kwako uliyepunguzwa kazi, nafupisha ushauri wangu. Wiki ya kwanza, kabla hujaanza kuzunguka kutafuta kazi, kaa chini na daftari. Ukurasa wa kushoto andika kila kitu cha mwajiri kilicho kwako, ukirudishe chote kwa orodha yenye saini mbili. Ukurasa wa kulia andika kila kitu chako kilicho kwake: siku, fedha, michango, cheti. Andika barua ya kuomba stahili hizo kwa lugha ya heshima, upeleke mwenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. Usitukane, kwa maana usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Pwani yetu ni ndogo, na mwajiri wa kesho ni rafiki wa mwajiri wa jana. Lakini usichanganye adabu na woga. Hesabu siku zako 30, na zisipite ukiwa umeketi kibarazani ukingoja simu.

Jumuiya ndogondogo nazo zina kazi hapa. Tumezoea kumpelekea aliyekosa kazi unga na sukari, na ni vema. Tumpelekee pia mtu anayejua kusoma barua. Katika kila jumuiya hakosekani mwalimu mstaafu, karani, au kijana aliyesoma sheria. Saa moja ya mtu huyo, akimsaidia mwenzake kuandika daftari lake na kujaza fomu, huweza kuwa sadaka kubwa kuliko kilo 5 za unga. Na nauli ya kwenda Kibaha ichangwe bila ya mwenyewe kuombaomba.

Wiki hii, basi, kila mmoja wetu ajiulize kama kuna mtu aliyewahi kumfanyia kazi, hata kama ni fundi aliyepaua jiko au binti aliyelea watoto miaka miwili akaondoka, ambaye hesabu yake haijafungwa. Kama yupo, simu yake huenda bado unayo.

Nawatakia Dominika njema na wiki yenye amani. Tuombeane.